Mkoba Mdogo Chini ya Kiti



Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mama mmoja jirani yetu wa Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo alitusimamisha akiwa na jambo linalomnyima usingizi. Kijana wake amenunua pikipiki, naye na wenzake wawili wameazimia kwenda nayo Kilwa mara watakapomaliza mitihani. Mama alijaribu kumzuia akashindwa, na baba wa kijana amekwisha kutoa idhini. "Sasa mimi nifanye nini?" alituuliza. "Nimfungie maandazi na tende, nimwombee dua, kisha nikae nisubiri simu?"

Tulimwambia kuwa dua asiiache, na maandazi yatafaa sana njiani. Hata hivyo lipo jambo la tatu ambalo nyumba nyingi hulisahau, nalo ni kumuuliza kijana amebeba nini cha kumsaidia chombo kitakapogoma. Kwa kuwa tunajua nyumba nyingi zina kijana wa namna hii, na nyingine zina baba anayekwenda shambani Mkuranga au Kibiti kwa pikipiki kila mwisho wa juma, tumeona jibu lake tuliandike hapa ili lifae wengi.

Lakini kabla ya kutaja spana na tyubu, ni haki tueleze kwa nini jambo hili tunaliandika kwa uzito. Sisi wenyewe lilitugharimu.

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi moja mnamo saa moja, tulipigiwa simu kutoka Rufiji kuwa shangazi yetu amefariki dunia alfajiri ile. Huyo ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kutangulia mbele ya haki. Kwake tulianza kusoma juzuu, na kwake tulifundishwa kula kwa mkono wa kulia. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Mabasi ya alfajiri yaendayo kusini yalikuwa yamekwisha kuondoka Mbagala, na ya baadaye yasingetufikisha kwa wakati. Mtoto wa dada yetu akaazima pikipiki ya jirani. Tukavaa kofia ngumu, tukasoma dua ya safari, tukaondoka. Mifukoni tulikuwa na simu, pesa kidogo na tasbihi. Kifaa hatukuwa nacho hata kimoja. Zile spana chache ambazo kiwanda huziweka chini ya kiti zilikuwa zimekwisha kutolewa zamani, nasi hatukufunua kiti kutazama.

Tulipita Mkuranga na Kibiti salama. Tulivuka Daraja la Mkapa kabla ya saa tano, kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya vumbi iendayo kijijini. Zilikuwa zimesalia kilomita 20 hivi gurudumu la nyuma lilipoanza kuyumba. Ulikuwa msumari wa bati, mfupi kuliko kidole gumba. Simu haikushika mtandao. Kwa miguu tusingewahi, na chombo cha watu hatukuweza kukitupa porini. "Mjomba, tusukume," alisema kijana wetu, nasi tukasukuma katika mchanga, jua likiwa utosini, mpaka wakati wa adhuhuri ukaingia na ukapita.

Yapata saa nane alitokea mbele yetu mtu wa makamo, juu ya pikipiki kuukuu iliyofungwa kapu la samaki wakavu. Alitusalimu, akauliza kilichotusibu. Tukamwambia ni pancha, na kwamba tunawahi maziko. Akauliza ni maziko ya nani. Tulipomtajia jina, aliinamisha macho.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Nimetoka huko sasa hivi. Tumekwisha kumsitiri."

Hakuongeza neno. Aliegesha pikipiki yake kivulini, akafunua kiti, akatoa mkoba wa turubai ulioshonwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na spana tano, vyuma viwili vya kubandulia tairi, tyubu moja iliyokunjwa vizuri, viraka, gundi na pampu ndogo. Haikupita nusu saa, gurudumu likawa limesimama. Ni pale alipokuwa akijaza upepo ndipo alipouliza, wala si kwa kejeli, tumetoka wapi. Tukamjibu, Kariakoo.

"Kariakoo?" alisema huku akitutazama. "Si ndiko ninakoagiza mimi tyubu zangu?"

Tulitoa pesa akazikataa. Alisema tyubu ile tumekopa, na deni lake tumlipe yeyote tutakayemkuta amekwama. Akaondoka na kapu lake. Sisi tulifika kijijini baada ya alasiri, tukasimama mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umekwisha kumwagiwa maji. Mtu tusiyemjua alikuwa ametia mchanga wa mkono wake katika kaburi la shangazi yetu. Sisi aliotulea hatukutia.

Ndugu msomaji, tumelitafakari sana swali la yule bwana. Nyumbani kwetu si mbali na maduka ya vipuri ya Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo. Tyubu tulizipita kila siku zikiwa zimetundikwa milangoni, na bei ya moja haifikii nauli ya basi ya kwenda Kilwa. Kuwa karibu na kitu kulitufanya tudhani tunacho. Na hili ndilo kosa la wengi wetu wakazi wa mjini. Hapa Kariakoo pikipiki ikiharibika, fundi yuko kona inayofuata, na asipokuwa na kifaa atamtuma kijana akakilete kwa miguu. Mazoea hayo tunasafiri nayo, tukisahau kuwa fundi na duka havipandi nyuma yetu.

Wazee wetu waliosafiri njia hii ya kusini zama za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hawakuwa na mazoea hayo. Walijua kuwa mto ukijaa watalala ukingoni, hivyo walitoka na chakula, maji, shuka na kamba. Barabara imekuwa bora, nasi tumeacha kufunga mzigo. Lakini mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii maeneo ya Somanga, wasafiri wengi walikwama, na kwa muda ule lami haikuwa na faida kwao.

Wako wanaodhani kujiandaa hivi ni upungufu wa tawakkul. Tunawakumbusha mapokezi ya Ibn Abbas yaliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakitoka kwenda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Allah, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayowaamuru wasafiri wachukue masurufu na kuwakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Makusudio mawili yamekutana katika aya moja, na hakuna ruhusa ya kuchukua moja na kuliacha jingine. Kwa msafiri wa pikipiki, tyubu ni sehemu ya masurufu.

Sasa tuufungue mkoba.

Gurudumu kwanza

Balaa la kawaida la njiani ni pancha, hivyo mkoba uanzie hapo. Pikipiki nyingi tunazotumia nchini zina rimu za spoku na tyubu ndani. Beba tyubu nzima, si viraka peke yake, kwani tyubu ikichanika penye valvu kiraka hakisaidii. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi la mbele na la nyuma, uende nazo dukani. Iwapo rimu zote mbili zina kipenyo kimoja, tyubu moja huweza kukuvusha kwa muda mbele au nyuma. Iwapo zimetofautiana, beba mbili. Tyubu ipakwe unga wa talki, ikunjwe ndani ya kitambaa na iwekwe mbali na spana, maana tyubu nyingi za akiba hutobolewa na vyuma vya mkobani kabla hazijatumika.

Pamoja nayo weka vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka, gundi, kipande cha msasa na pampu ndogo. Gundi iliyofunguliwa hukauka, kwa hiyo ikague kila kabla ya safari. Pampu ijaribiwe nyumbani kwenye valvu ya gurudumu lako lenyewe, kwani zipo ambazo mdomo wake hauingii. Pikipiki yenye tairi lisilo na tyubu ichukuliwe vijiti vya mpira vya kuzibia na sindano yake.

Anayebadilisha tyubu akumbuke mambo mawili. Kwanza, baada ya kuchomoa msumari apitishe vidole taratibu ndani ya tairi lote, kwa sababu kipande cha mwiba kilichobaki kitaitoboa tyubu mpya palepale. Pili, aitie tyubu upepo kidogo kabla ya kuirudisha ndani ya tairi, ili isijikunje wala isibanwe na chuma.

Cheni, nyaya na umeme

Cheni ikikatika, safari imekatika. Beba kiungo kimoja cha kuungia cheni pamoja na kibanio chake, vya ukubwa uleule wa cheni yako. Kibanio hicho kina upande uliofunga na upande uliopasuka. Upande uliofunga hutangulia mbele kwa mwelekeo ambao cheni inakwenda. Kikigeuzwa huweza kuchomoka njiani. Wengi hukosea hapa, hata mafundi wenye haraka.

Waya wa klachi na waya wa mafuta hukatika bila kuaga, mara nyingi penye kichwa chake. Madereva wazoefu wa safari ndefu wana hila nzuri tunayoipenda: huulaza waya mpya sambamba na ule unaotumika, kuanzia mkononi hadi kwenye injini, wakaufunga kwa tepu na kuziba ncha zake ili vumbi na maji visiingie. Ule wa zamani ukikatika, kazi inayobaki ni kuhamisha ncha mbili tu. Waya hauli nafasi mkobani, na usiku porini hutahitaji kufungua tangi.

Kwa upande wa umeme, weka plagi moja ya namba ileile iliyomo kwenye injini, ikiwa ndani ya kiboksi chake, na spana yake ya kuifungulia. Ongeza fyuzi mbili, balbu ya taa ya mbele, kipande cha waya wa umeme na tepu nyeusi. Safari ya mvua hulowesha plagi na kofia yake, basi kitambaa kikavu nacho ni kifaa.

Spana usizibebe kwa kubahatisha. Pikipiki ndogo nyingi hutumia namba 8, 10, 12, 14 na 17, ila nati ya ekseli ya nyuma hutofautiana kati ya chombo na chombo, nayo ndiyo utakayoihitaji kuliko zote. Mpelekee fundi wako pikipiki, mwombe afungue gurudumu la nyuma mbele ya macho yako, uandike kila namba aliyoishika. Juu ya hizo weka plaizi, bisibisi ya vichwa viwili, waya laini wa kufungia, na vipande virefu vya tyubu chakavu. Vipande hivi, ambavyo wafanyabiashara wa Kariakoo hufungia mizigo kwenye baiskeli na mikokoteni, hukaza taa iliyolegea, hushika mfuniko uliovunjika na hufunga banzi kwenye mguu wa majeruhi.

Oili nusu lita, chupa yake ikiwa imefungwa barabara, inatosha. Petroli usibebe katika chupa ya soda au ya maji. Mvuke wake hutoroka, chupa hupasuka, na anguko dogo huweza kugeuka moto. Jaza tangi Mbagala, jaza tena Kibiti au Ikwiriri hata kama bado lina nusu, na utakuwa umejiepusha na hatari hiyo.

Mwili wa msafiri

Mpaka hapa tumekitibu chombo. Mwili nao una mkoba wake, na huu usichanganywe na ule wa spana, kwa sababu bandeji yenye grisi haifai kitu. Uwe mdogo, wenye rangi ya kuonekana, na uwekwe juu kabisa ya mzigo, mahali ambapo hata mpita njia asiyekujua ataufikia ukiwa huna fahamu. Ndani yake weka bandeji za kuzungushia, pamba na vitambaa safi, plasta, glavu, dawa ya kusafishia vidonda, mkasi, dawa ya maumivu na pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini.

Vitu hivi havina maana kwa asiyejua kuvitumia. Jeraha linalotoa damu nyingi hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kukiinua kila mara kuchungulia. Aliyeanguka vibaya haburutwi wala hakalishwi. Huachwa alivyo, shingo yake ikishikwa isitikisike, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi, kama moto au magari yanayokuja. Kofia ngumu haivuliwi kichwani mwake kwa pupa, ila ikiwa hapumui na hakuna njia nyingine ya kumsaidia. Polisi hupatikana kwa namba 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Namba hizi vijana wetu wazihifadhi vichwani, si katika simu peke yake.

Tuliyaona manufaa ya karatasi, nasi tunaipendekeza. Andika jina lako, kundi lako la damu kama unalijua, ugonjwa ulio nao, dawa zinazokudhuru, na namba mbili za ndugu. Ikunje ndani ya mfuko wa plastiki, iweke mfuko wa kifuani. Simu hufungwa kwa namba ya siri, na betri huisha. Karatasi haina siri kwa anayetaka kukuokoa. Weka pia nakala za leseni, bima na kadi ya pikipiki, pamoja na noti ndogo ndogo, kwani mtandao wa pesa ukikatika muuza tyubu wa kijijini hawezi kukukopesha kwa sura.

Maji yasipungue lita mbili kwa kila mtu. Baadhi ya vijana wamewahi kutuuliza iwapo maji machache yaliyobaki porini ni ya kunywa au ya udhu. Wanazuoni wamelimaliza jambo hili: anayeyahitaji maji yake kwa kunywa huyahifadhi, naye atatayammamu. Dini imetanguliza uhai wako, nawe usiuchezee.

Tochi iwe mfukoni mwako, si mkobani, maana bila tochi hutauona mkoba. Vaa koti lenye viakisi mwanga tangu unapoondoka, si baada ya giza kuingia. Ukiharibikiwa, toa chombo nje kabisa ya barabara. Desturi ya madereva wetu ya kuweka matawi ya miti barabarani kuwaonya wanaokuja ni njema, ila anayeyaweka anadaiwa kuyaondoa kabla hajaondoka. Tawi lililosahauliwa usiku huweza kumwangusha msafiri mwingine, na dhima ya anguko hilo itabaki kwa aliyelisahau.

Kununua, kufunga na kujaribu

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mtaa wetu una jina la wabeba mizigo, basi na tujifunze kubeba. Uendapo kununua, chukua kipuri cha zamani mkononi ukilinganishe na kipya, pingili kwa pingili. Vipuri bandia vipo, na bei ya chini mno ndiyo dalili yake ya kwanza. Muulize muuzaji iwapo utabadilishiwa kisipoingia, na udai risiti. Kofia ngumu itazamwe alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ijaribiwe kichwani, na kufuli yake ifungwe na kufunguliwa hapo hapo dukani. Abiria naye awe na yake, kwani sheria inamtaka aivae kama inavyomtaka dereva.

Katika kufunga, vizito vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki. Usining'inize mkoba kwenye usukani, kwani utaufanya mgumu kugeuka. Wala usiweke spana katika begi la mgongoni: ukianguka kwa mgongo, chuma kitatangulia kugusa uti wako. Na mzigo usipande mpaka ukamnyima abiria nafasi. Tukiwa hapo tuseme wazi, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, kwamba hakuna mkoba unaohalalisha mshikaki. Baba anayempakia mama na watoto wawili kwenda nao Ikwiriri kwa pikipiki moja hana kifaa cha kumtoa katika hatari hiyo. Familia ipande basi.

Jambo la mwisho ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Mkoba ujaribiwe nyumbani. Siku moja kabla ya safari, kijana aegeshe pikipiki uani, asiguse kifaa chochote cha nyumbani, afungue gurudumu la nyuma kwa vilivyomo mkobani tu, atoe tyubu, airudishe, ajaze upepo. Kitakachokosekana kitajulikana hapo, mahali ambapo duka li wazi na mama yupo jikoni. Tulipofanya jaribio hili sisi wenyewe kwa mara ya kwanza, tuligundua kuwa spana yetu ya ekseli ni fupi na nati haikutikisika. Tulicheka, tukaenda kununua bomba la chuma la kurefushia mkono wa spana. Porini tusingecheka.

Tulimweleza yule mama haya yote tukiwa tumekaa barazani kwake, naye akamwita kijana. Kijana alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Shehe, mbona Kilwa ni lami tupu, na mafundi wapo kila mji?" Hatukubishana naye. Tulimsimulia habari ya shangazi yetu, kisha tukamwomba atulie kidogo afikirie ni mji gani uliopo pale msumari utakapoingia. Alinyamaza. Jioni ya Ijumaa tulimwona kwenye duka moja la vipuri, ameshika tairi lake chakavu, anamsomea muuzaji namba zake.

Ama deni letu, alhamdulillahi, tulikwisha kulilipa. Tukiwa njiani mbele kidogo ya Kimanzichana, tuliwakuta vijana wawili wamekaa kando ya barabara na gurudumu limelala. Tukafunua kiti, tukawapa tyubu, tukawaambia maneno yaleyale tuliyoambiwa. Siku ya pili tulikwenda Shaurimoyo kununua nyingine, kwa sababu kulipa deni hakukutuondolea haja ya tyubu. Akiba haiozi, nayo iliyopo chini ya kiti huenda ikawa si yako wewe, bali ya msafiri ambaye hujamwona bado na maziko ambayo hujasikia habari zake.

Allah awalinde wasafiri wetu wote, awafikishe salama na awarejeshe kwa watu wao.

Wabillahi tawfiq.